Barua ya wazi: Mkituacha peke yetu na ndovu, ndovu hawatabaki

Jilore, Malindi
Kaunti ya Kilifi

Kwa waheshimiwa wote mliokabidhiwa wanyamapori, misitu na ardhi katika pwani ya Kenya

MINTARAFU: NDOVU WA MSITU WA ARABUKO-SOKOKE NA WATU WANAOPAKANA NAO

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mkulima wa Jilore, nyuma ya mji wa Malindi, mahali ambapo mashamba yetu yamekaa kati ya msitu wa Arabuko-Sokoke na bonde la mto Sabaki. Nawaandikia hadharani kwa kuwa njia nyingine zote tumeshazipita. Tumekwenda kwa mzee wa mtaa, kwa naibu chifu, kwa chifu. Tumesema barazani mbele ya wakubwa, na maneno yetu yakaandikwa kwenye daftari. Barua tumezipeleka kwa mkono, na nakala zetu zina muhuri wa kupokelewa. Jibu hatujaliona.

Niseme mapema ninalolitaka, asije mtu akadhani barua hii ni ya kuomba ndovu waondolewe. Nataka wabaki. Msitu huu wa kilomita za mraba zipatazo 420 ndio mkubwa kuliko yote iliyosalia ya aina yake katika pwani ya Afrika Mashariki, na ndovu ana kazi ndani yake ambayo hakuna mwingine wa kuifanya. Huvunja matawi, mwanga ukafika chini. Hula matunda upande huu, akaziacha mbegu zake kwenye kinyesi mbali na mti mama, mche ukaota. Tangu utotoni nimezijua njia zao mchangani, unyayo wenye upana wa ungo, na sitaki wajukuu wangu waje kuonyeshwa ndovu kwenye picha.

Hofu yangu ni kwamba mkulima aliyetwikwa mzigo wa ndovu peke yake, mwaka baada ya mwaka bila jibu, huchoka. Siku atakapochoka hataita askari tena. Hilo ndilo jambo la barua hii, na mengine yote yanatoka humo.

Nchi hii imewahi kuwapigania ndovu kweli kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Kenya ilikadiriwa kuwa na ndovu wapatao 167,000. Kufikia 1989 walikuwa wamebaki kama 16,000, na wengi wa waliopotea walimalizwa na majangili kwa ajili ya pembe. Julai mwaka huo Rais Moi alizitia moto tani 12 za pembe mbele ya macho ya ulimwengu, na kabla ya mwaka kwisha mataifa yakakubaliana kuipiga marufuku biashara hiyo. Mwaka 2013 Bunge lilipitisha sheria mpya yenye adhabu kali. Aprili 2016 zikachomwa tani nyingine 105. Sensa ya kitaifa ya mwaka 2021 iliwahesabu ndovu 36,280. Kazi hiyo tunaishukuru kwa dhati. Mbuga ya wanyama ya Tsavo ni jirani yetu, na tunamkumbuka Satao, yule dume ambaye pembe zake zilikaribia kugusa ardhi, aliyeuawa kwa mshale wa sumu Tsavo Mashariki mwaka 2014.

Vita vile vilipiganwa na askari porini, na mahakimu, na wakaguzi wa bandarini. Vya sasa viko kwenye mpaka wa shamba la mahindi, na huku hatumwoni aliyetumwa. Malalamiko yetu ni haya.

1. Fidia iliyoandikwa kwenye sheria haifiki shambani

Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014, iliweka mambo wazi. Mtu akiuawa na mnyama aliyetajwa humo, jamaa zake walipwe shilingi milioni 5. Akipata ulemavu wa kudumu, milioni 3. Akijeruhiwa, hadi milioni 2. Mazao yakiharibiwa, hasara ihesabiwe kwa bei ya soko. Ikaunda na kamati za kaunti za kuyasikiliza madai. Ni sheria nzuri, na niliposomewa mara ya kwanza barazani nilipiga makofi pamoja na wenzangu. Niwaeleze sasa inavyokuwa ikifika Jilore.

Ndovu wa shambani huja usiku, na mara nyingi ni madume. Huja mahindi yanapokaza punje, wala hawapigi kelele. Unakesha juu ya dungu na tochi yako, na unalolisikia kwanza ni mabua yanayovunjika, tayari wako ndani. Tunapiga madebe, tunarusha vijinga vya moto, watoto wanalia nyumbani. Kukicha unakwenda kuangalia. Muhogo umeng'olewa na mashina yake, nusu umetafunwa na nusu umetupwa. Minazi michanga imepasuliwa katikati na moyo wake umetolewa. Miche ya mikorosho imekanyagwa hadi imezama mchangani. Mnazi mmoja huungojea miaka mingi kabla hujaangua nazi ya kwanza. Mahindi mtu anaweza kuyapanda tena mvua ikimjalia, lakini hiyo miaka ya mnazi hakuna anayeirudisha.

Ndipo unapoanza safari ya fidia. Uripoti, upewe fomu. Fomu yataka sahihi ya chifu, na yataka afisa wa kilimo aje apime hasara kwa macho yake. Afisa huyo ni mmoja kwa eneo kubwa. Hana pikipiki, au ana pikipiki hana mafuta, na ukimtaka upesi itabidi umlipie bodaboda kutoka mfukoni mwako, wewe uliyeliwa shamba. Akifika baada ya wiki tatu, mbuzi wameshamaliza mabaki, na wewe umeshalima upya usije ukalala njaa. Anaandika kwamba hasara haikuonekana. Na yule aliyebahatika kupimwa huambiwa kwamba faili limekwenda mbele. Hiyo mbele iko wapi, hakuna ofisi iliyowahi kutuonyesha. Jirani yangu mmoja, mama mjane, alifuatilia faili lake hadi nauli ikaizidi thamani ya muhogo aliokuwa akiudai. Sasa haulizi tena.

Waheshimiwa, hapo ndipo ndovu anapoanza kufa. Mtu aliyelipwa hasara yake, hata kama ni kwa kuchelewa, humpigia simu askari anapomwona ndovu au anapomwona mgeni mwenye mshale. Mtu aliyepuuzwa hunyamaza, na wanakijiji wakinyamaza, mwenye sumu hupita mchana. Sisi Wagiriama sumu ya mshale tunaijua tangu zamani. Wazee wetu walikuwa wakiipika, na Waata wakiitumia kuwinda ndovu hawa hawa kwa pinde zao ndefu. Ujuzi ule haujafa. Watu waliuweka chini kwa kuwa walikubali kuiamini sheria, na imani hiyo inapungua kila msimu wa mavuno.

2. Ua wa umeme umeachwa ujifie

Ua uliowekwa kuzunguka sehemu kubwa ya msitu ulituletea usingizi. Kulikuwa na misimu ambayo hatukupanda dungu kabisa, watoto walikwenda shule hawajakesha, na kina mama walitoka alfajiri bila woga. Leo kuna sehemu ambazo nguzo zimeoza, nyaya zimelegea, na majani yamepanda yakagusa waya hadi nguvu ya stima imenyweshwa ardhini. Ndovu ana subira na ana akili. Huujaribu waya kwa pembe, kwa kuwa pembe haimpigi stima, au huuangusha mti juu yake. Pahali palipokufa akishapajua, wenzake humfuata hapo hapo.

Naomba mlielewe jambo moja ambalo watu wa ofisini hawaliwazi. Ua wenye mapengo una hatari yake yenyewe. Ndovu aliyetoka usiku kwa pengo moja, kukipambazuka haoni pa kurudia. Anautembea ua kwa nje, jua linapanda, na watu wanamkuta katikati ya mashamba. Vijana wanakuja na mawe na simu zao. Anachanganyikiwa, anakimbiza watu. Akiua mtu, jioni anapigwa risasi, na kwenye ripoti anaandikwa kuwa mnyama hatari. Mtu na ndovu, wote wawili waliangamizwa na nguzo iliyooza ambayo iliripotiwa mapema.

3. Msitu hauna maji ya kudumu, na njia ya mto imefungwa

Ndani ya Arabuko-Sokoke hakuna mto. Kuna mabwawa ya msimu, na kiangazi kikiwa kirefu huwa matope, kisha nyufa. Ndovu mzima anahitaji zaidi ya lita 100 za maji kwa siku. Zamani walikuwa wakishuka Sabaki, wakaufuata mto kuelekea Galana na Tsavo, mvua zikinyesha wakarudi. Safari hizo haziongozwi na dume. Huongozwa na jike mkongwe wa kundi, ambaye ameshika kichwani maji yako wapi na yalipatikana wapi mwaka wa njaa, na binti zake hujifunza kwa kumfuata.

Leo katikati hapo kuna mashamba, kuna ploti zilizopimwa, kuna barabara ya Malindi kwenda lango la Sala, na kuna ua wenyewe. Simlaumu mkulima aliyenunua ploti. Aliuziwa, akapewa karatasi. Nawauliza nyinyi mliopima na mliopitisha: ni nani katika meza ile aliyeuliza ndovu watapita wapi?

Ukame wa mwaka 2022 ulituonyesha mwisho wa mambo haya. Wizara yenyewe ilitangaza kwamba ndovu 205 walikufa nchini kati ya Februari na Oktoba mwaka huo. Ndovu hubeba mimba miezi 22, na jike huzaa mara moja katika miaka minne au mitano, kwa hivyo pengo kama hilo halizibwi kwa msimu mmoja wa mvua. Huku kwetu kiangazi kikali humaanisha kina mama na ndovu kugombea maji yale yale, kando ya Ziwa Jilore na kwenye kingo za Sabaki. Mama anakwenda na madumu, anaangalia majani ya upande wa pili kama yanatikisika. Hapo hakuna mwenye kosa kati yao.

4. Mitego ya waya

Niliona kwa macho yangu ndama wa ndovu akichechemea nyuma ya mama yake kwenye ukingo wa msitu. Waya ulikuwa umeuzunguka mguu wa mbele juu kidogo ya wayo, umezama ndani ya nyama hadi hauonekani, ila kipande kidogo cha ncha kilichokuwa kikiburuzwa. Kidonda kilikuwa kimevimba na nzi wamejaa. Mama alikuwa akisimama kila baada ya hatua chache kumngoja. Tulipiga simu. Siku zilipita kabla gari halijaja, na walipokuja hawakumpata.

Mitego hiyo hutegewa paa na wanyama wengine wadogo wa kitoweo, na nyaya nyingine ni zile zile zilizokatwa kwenye ua uliotelekezwa. Anayetega mara nyingi ni kijana asiye na kazi. Sisemi asishtakiwe. Nasema aliyetega ana njaa, na ua ulioachwa bila mlinzi ndio uliompa waya.

5. Hatujui wamebaki wangapi

Tunasikia hesabu ya nchi nzima. Hesabu ya ndovu wa msitu huu wetu hatusomewi barazani wala haibandikwi popote. Machi 2021 ndovu wa savana waliingizwa kwenye orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka. Kama wa kwetu wanapungua, sisi tunaoishi nao tuambiwe, maana ndio mnaotutaka tuwalinde.

Najua majibu yatakayotolewa, kwa kuwa tumeyasikia.

Mtasema hakuna fedha. Tunaelewa kwamba madai ni mengi nchi nzima. Lakini kumjibu mtu kwa maandishi kwamba faili lake nambari fulani limekubaliwa au limekataliwa, na kwa sababu gani, hakuhitaji bajeti ya Hazina. Tumenyimwa hata hilo. Tena utalii wa Malindi na Watamu unauza jina la msitu huu na ndovu wake. Wageni wanalala ufuoni, mapato yanabaki ufuoni, na hasara inakuja Jilore, Kakoneni na Dida.

Mtasema tuliivamia njia ya ndovu. Mipaka ya msitu ilitangazwa na serikali ya mkoloni mwaka 1943, na mababu zetu walikuwako kabla ya mipaka hiyo, wakilima na kuzika watu wao. Waliokuja baadaye waliuziwa na kupimiwa chini ya usimamizi wa serikali. Kama kuna njia ambayo haikupaswa kugawanywa, haikugawanywa na mwenye jembe.

Mtasema ua uliibiwa na wananchi wenyewe. Wapo walioiba, sitawatetea. Lakini watu hao tunawajua, na mtu wa kwanza wa kuwazuia ni kijana wa hapa hapa aliyeajiriwa kuutembea ua kila asubuhi na kulipwa mwisho wa mwezi. Mlinzi akitoka mbali, anaondoka jua likizama, na ua unabaki na mwizi na ndovu.

Na mtasema ndovu wameongezeka nchini, kwa hivyo hali ni nzuri. Ongezeko la Mara au Amboseli halimfikishi ndovu hata mmoja hapa. Hawa wamefungiwa. Wakiisha, hakuna kundi la kutoka Tsavo litakalokuja kujaza nafasi yao, kwa kuwa njia ndiyo hiyo iliyokwisha kukatwa.

Sasa tunachokiomba. Kwanza kabisa, kabla ya mambo mengine yote, orodha ya madai ya fidia kutoka vijiji vinavyopakana na msitu ibandikwe kwenye ofisi ya kila chifu: nambari ya faili, tarehe ya kupokelewa, na hali yake. Yaliyokubaliwa yalipwe kwa zamu inayojulikana, aliyetangulia atangulie. Na upimaji wa hasara ufanyike ndani ya siku chache, kwa kuwaruhusu watu waliofunzwa kijijini wapige picha na kuandika papo hapo, ili afisa wa kilimo athibitishe tu.

Ua utengenezwe, na utunzaji wake ukabidhiwe vijana wa vijiji kwa mshahara, kila kikundi na kipande chake. Ndani ya msitu, mbali na mashamba, yachimbwe mabwawa yanayoweza kuvuka kiangazi, ili ndovu asilazimike kutoka. Njia moja ya kwenda Sabaki ipimwe na ilindwe sasa, kabla ploti zilizosalia hazijauzwa, na mwenye shamba litakalohitajika alipwe kwa haki na kwa hiari yake.

Pale ambapo ua hauwezi kufika, tusaidiwe mizinga. Wenzetu wa Sagalla, Taita, wanaopakana na Tsavo Mashariki, wametundika mizinga ya nyuki kwenye waya kuzunguka mashamba. Ndovu akiugusa waya mizinga hutikisika, nyuki hutoka, naye huondoka kwa kuwa ndovu huwaogopa nyuki kikweli. Ufugaji wa nyuki si mgeni kwetu. Tangu mwaka 1993 mradi wa Kipepeo pale Gede umewaonyesha watu wa kando ya msitu huu kwamba mtu anaweza kula kutokana na msitu bila kuukata, kwa kufuga vipepeo na baadaye kuuza asali. Tunahitaji mtaji wa kuanzia na mafunzo, na asali tutaiuza wenyewe.

Kuhusu mitego, doria za kuiondoa zifanywe mara kwa mara pamoja na wenyeji wanaoujua msitu, na daktari wa wanyama awe karibu kiasi cha kufika siku ile ile anayoitwa. Hesabu ya ndovu wa Arabuko-Sokoke isomwe barazani kila inapofanywa.

Tunawaomba mje Jilore wenyewe, msitume mwakilishi asiye na mamlaka ya kujibu, na mje kabla ya mvua za masika kuanza, kwa kuwa mahindi yakishaota mkutano utakuwa umechelewa kwa msimu mwingine. Njooni na orodha ya mafaili. Sisi tutakuja na nakala za fomu zetu, na yule mama mjane ameniambia kwamba mkija atakuja na yake.

Wenu kwa heshima,

Mkulima wa Jilore,
kwa niaba yangu na ya majirani walioniruhusu kuwasemea

Nakala kwa: wawakilishi wetu wa wadi na wa Bunge; machifu wa maeneo yanayopakana na msitu